Nilivyojifunza Kutengeneza Zulia la Milima



Mtu aingiaye nyumbani kwangu, kabla hajaketi, huona karibu na mlango kitu kidogo kimetundikwa kwa msumari. Upana wake haupiti shibiri moja. Kina mlima wa buluu uliopinda kama nundu ya ng'ombe, na shamba la kijani lililovimba upande mmoja, na upande wa pili limekonda hata gunia lililo chini yake laonekana. Wengi huuliza, "Bibi Mwalimu, kazi hii ni ya mjukuu wako?" Nami hujibu, "La, ni yangu mimi, nami nalikuwa na umri wa miaka 68 nilipoifanya." Basi hucheka, nami hucheka pamoja nao. Lakini maswali yamekuwa mengi, nikaona vema niandike habari yake yote, maana huenda ikawafaa wazazi na walimu wenzangu.

Mimi ni mtu wa Usambara, nami nalifundisha shule ya msingi kwa miaka 34. Marehemu mume wangu alikuwa seremala. Mtoto wetu wa mwisho ni binti, naye ni muuguzi katika nchi ya Kanada, jimbo la Nova Scotia, upande wa bahari ya Atlantiki. Mwezi wa Aprili 2020 mume wangu alifariki. Ninyi nyote mwaukumbuka mwezi ule. Ugonjwa wa korona ulikuwa umeenea duniani, safari za ndege zimezuiwa, na binti yangu alikuwa zamu hospitalini usiku na mchana. Hakuweza kuja kumzika babaye. Kijana mmoja jirani alishika simu ili binti aone mazishi kwa mbali, lakini katika milima yetu mtandao ni kama ukungu, huja na kuondoka. Aliona jeneza likitolewa mlangoni, kisha simu ikakatika. Alipotupata tena, watu walikwisha kunawa mikono.

Hata nilipokwenda kwake, mwezi wa Septemba 2022, nikaona jambo lililonisumbua moyo. Hakumtaja babaye kabisa. Kila nilipoanza kusema, "Baba yako alipokuwa," yeye aliinuka akaenda kutazama chungu jikoni, hata kama hapakuwa na chungu motoni. Mjukuu wangu, mtoto wa miaka sita, alijua kwamba alikuwa na babu, lakini hakujua babu huyo alikaa katika nchi ya namna gani. Nikamwonyesha picha za kwetu katika simu, naye akazitazama kidogo tu, akaziacha, maana katika simu huona picha mia kila siku, nazo zote kwake ni sawasawa.

Mwezi wa Januari theluji ikaanguka hata ikafunika ngazi za mlango. Mimi niliyezoea jembe na kuni sasa nikawa mtu wa kukaa dirishani. Binti alipokwenda kazini na mtoto shuleni, nalivaa koti la sufu la marehemu mume wangu, nililokuja nalo kwa ajili ya baridi, nikakaa kimya. Jirani mmoja, mjane kama mimi, akaniona siku nyingi katika dirisha lile. Siku moja akabisha hodi, akasema, "Kila Jumamosi twajifunza kutengeneza mazulia katika ukumbi wa chini wa kanisa. Majira ya baridi ya huku ni marefu mno kwa mtu mmoja. Njoo." Nikaona haya kukataa, nikaenda.

Twalikuwa wanafunzi wanane, wanawake saba na mwanamume mmoja. Mwanamume yule alikuwa mvuvi aliyestaafu, mwenye vidole vinene vilivyokauka kwa chumvi, nami nikasema moyoni kwamba huyu ataaibika mbele yetu. Kumbe ndiye aliyetushinda sote, kwa kuwa maisha yake yote alikuwa akirekebisha nyavu.

Vyombo vya kazi hiyo ni vichache. Kwanza kuna kiunzi cha mbao, na juu yake hutandazwa kitambaa chenye matundu, kikavutwa pande zote hata kilie kama ngoma ukikigonga. Pili kuna kulabu, yaani chuma kifupi chenye ncha iliyopinda, kimetiwa mpini wa mbao unaoenea katika kiganja. Tatu kuna nguo kuukuu za sufu, zilizofuliwa kwa maji ya moto ili nyuzi zake zishikamane, kisha zikakatwa tepe nyembamba. Mkono wa kushoto hushika utepe chini ya kitambaa, mahali ambapo jicho halioni. Mkono wa kulia hushusha kulabu katika tundu, hunasa utepe, huuvuta juu, na hapo hutokea kitanzi kidogo. Kisha tundu jingine, na kitanzi kingine. Kimo cha kitanzi na kilingane na upana wa utepe wenyewe. Hakuna fundo wala gundi. Vitanzi hukaa kwa kusongamana, kila kimoja kikimshika jirani yake.

Msomaji atasema, "Hiyo ni kazi rahisi." Hata mimi nalisema hivyo. Lakini kila nilipovuta kitanzi cha pili, cha kwanza kilitoka. Nilipovipata vitatu, kimoja kilikuwa kirefu kama sikio la sungura na kingine kimezama. Mkono wangu wa kushoto, uliojificha chini, haukujua mkono wa kulia wataka nini. Kisha nikafanya kosa jingine: nikajaza kila tundu, nikidhani kwamba wingi ndio uzuri, na kitambaa kikavimba. Mwalimu wetu, mama mwenye maneno machache, akaja, akaingiza kulabu yake, akang'oa kazi ya saa nzima kwa kuvuta mara moja. Akasema, "Usiogope kung'oa. Kitambaa hakina kinyongo."

Walimu wenzangu, saa ile nalimkumbuka mtoto mmoja wa darasa la pili, ambaye zamani nalimkaripia mbele ya wenziwe kwa sababu hakuweza kupitisha uzi katika sindano. Nalimwita mvivu. Mtoto yule hakuwa mvivu. Vidole vyake vilikuwa bado havijafahamu, kama vyangu siku ile. Nalikaa katika ukumbi ule, mwanamke mzee, machozi yakinilengalenga kwa ajili ya mtoto ambaye leo ni mtu mzima na pengine amekwisha kusahau. Mtu aliyefundisha miaka mingi yamfaa aketi tena katika benchi la wanafunzi, apate kujua ubao ukoje ukiutazama kutoka chini. Kile kipande kilichovimba na kukonda ndicho mkionacho karibu na mlango wangu.

Wakati wa kunywa chai mwalimu alitupa habari za kazi yenyewe. Mazulia hayo yalianza kutengenezwa katika karne ya 19, katika pwani ya Maine huko Marekani, na katika majimbo ya bahari ya Kanada, na katika kisiwa cha Newfoundland. Watu wa huko walikuwa maskini, na nyumba zao baridi. Baada ya mwaka 1850 magunia ya juti yalienea sana. Juti ililimwa Bengal, ikasokotwa Bengal kwenyewe na katika mji wa Dundee, Uskoti. Gunia likiisha kutoa nafaka, wanawake walilifumua, wakalitandaza juu ya kiunzi, na matambara yaliyokwisha kuvaliwa na baba na watoto yakakatwa tepe. Hivyo kitu kisichofaa tena kwa lolote kilipata kazi ya pili sakafuni. Katika miaka ya 1860 mchuuzi mmoja wa vyombo vya bati, Edward Sands Frost wa Biddeford, Maine, alikata mabamba ya madini apate kupiga michoro juu ya magunia, akauza magunia yaliyokwisha kuchorwa. Nami nikawaambia kwamba sisi wa Tanga magunia twayafahamu sana, ila kwetu kuna ya katani, mmea ulioletwa nchini kwetu mwaka 1893. Mvuvi yule akainua kikombe akasema, "Basi sisi na ninyi ni watu wa gunia moja."

Habari iliyonigusa zaidi ni ya Newfoundland ya kaskazini na Labrador, nchi ambayo haikuwa sehemu ya Kanada mpaka mwaka 1949. Mwaka 1892 tabibu Mwingereza, Wilfred Grenfell, alifika huko, ametumwa na misheni iliyohudumia wavuvi wa bahari kuu. Aliona kwamba dawa peke yake haitoshi pale ambapo nyumba haina chakula. Mwaka 1906 mwanamke Mmarekani, Jessie Luther, aliyekuwa mwalimu wa kazi za mikono, alifika katika mji wa St. Anthony akaanzisha kazi hizo katika misheni ile. Wanawake wa pwani walikuwa wakitengeneza mazulia tangu zamani, hasa mwishoni mwa majira ya baridi, wakati ambapo bahari imeganda na kazi ya samaki imesimama. Misheni iliwapa gunia lililochorwa pamoja na vitambaa, nao walirudisha zulia wakapata ujira, mara nyingi kwa nguo badala ya fedha. Katika miaka ya 1920 misheni iliwaomba wanawake wa miji mikubwa wapeleke soksi zao ndefu za hariri zilizochanika. Soksi hizo zilitiwa rangi, zikakatwa, na kutoka kwazo zikatoka picha za mbwa wavutao sleji, na dubu weupe, na mashua, na milima ya barafu. Kazi yao ilikuwa nyembamba mno, kila tundu limejazwa, na mistari yote imelala sawa. Leo mazulia hayo hutunzwa katika nyumba za makumbusho. Lakini majina ya wengi waliovuta vitanzi vile hayakuandikwa popote.

Hayo nilipoyasikia nikawaza: mwanamke yule wa pwani, ambaye jina lake halijulikani, alitengeneza mbwa na barafu kwa sababu ndiyo aliyoyaona akifungua mlango. Basi mimi nikifungua mlango wangu naona nini? Jumamosi ya nne mwalimu akatuambia kila mtu achore mahali anapopapenda, nami sikufikiri mara mbili. Nalichora njia ipandayo kutoka barabara, na mashamba ya matuta kando yake, na migomba, na nyumba yetu yenye paa la bati, na nyuma yake milima, mmoja juu ya mwingine, mpaka mbinguni. Nalikusudia mjukuu wangu awe na picha ambayo hawezi kuifuta kwa kidole.

Hapo ndipo nilipojifunza kutazama. Milima yote nalikuwa nimeitia kijani kibichi, maana najua ni kijani. Nimelima juu yake. Mwalimu akaniuliza, "Ukisimama pale njiani, waiona kijani, au wajua tu kwamba ni kijani?" Nikafumba macho. Kweli, mlima wa karibu ni kijani, wa pili umekwisha kupoa, wa tatu ni buluu, na ule wa mwisho wafanana na moshi. Sababu yake ni hewa na mvuke ulio kati ya jicho na mlima; nuru ya buluu hutawanyika humo zaidi kuliko rangi nyingine, nayo hufunika kile kilicho mbali. Miaka 68 nimeishi kati ya milima ile bila kuiona kwa namna hiyo. Mwalimu akanionyesha pia kwamba tepe za mbali na ziwe nyembamba, milimita tatu au nne, na za karibu ziwe pana, milimita sita au nane. Tena vitanzi vifuate umbo la nchi: katika matuta vizunguke pamoja na tuta, katika bonde vishuke, na mbingu isijazwe kwa mistari iliyonyoka kama ya daftari. Njia nayo iwe pana chini na nyembamba juu, ndipo jicho litakapokubali kutembea juu yake.

Wenzangu walinipa sufu kutoka makapu yao. Kijani tulikipata katika sketi kuukuu. Rangi ya mashamba yaliyovunwa tuliipata kwa kuchemsha sufu nyeupe pamoja na maganda ya vitunguu. Lakini rangi ya njia ilinishinda. Udongo wa kwetu ni mwekundu, si mwekundu wa pilipili, bali ule wenye kahawia ndani yake. Nalipekua kila kapu nisiipate. Hata asubuhi moja, nimekaa mbele ya kiunzi nyumbani, nikatazama mkono wangu mwenyewe, nami nikaiona. Ilikuwa rangi ya koti nililovaa.

Koti lile mume wangu alilinunua mnadani, katika mitumba. Yamkini kwanza lilitoka katika nchi hizo hizo za baridi. Alilivaa asubuhi za mwezi wa Julai kwa miaka zaidi ya ishirini, na ndani yake harufu ya mbao ilikuwa haijaisha. Nalilivua, nikaliweka magotini, nikashika mkasi. Nikakaa hivyo muda mrefu. Nilipokwisha kuukaza moyo na kuweka mkasi juu ya mkono wa koti, mlango ukafunguka. Binti yangu alikuwa amerudi kutoka zamu ya usiku.

Akasema, "Mama, hilo ni koti la baba."

Nikasema, "Ndilo, mwanangu."

"Nani amekuruhusu kulikata?"

Tangu kuzaliwa kwake hakuwa amesema nami kwa sauti ile. Alilichukua koti mikononi mwangu, akaingia chumbani mwake, akafunga mlango. Siku tatu zikapita. Asubuhi alisema, "Shikamoo, mama," nami nikasema, "Marahaba, mwanangu," kisha kimya. Mtoto alitutazama huyu na huyu, akala chakula chake bila kelele.

Siku ya kwanza nalikasirika, nikisema moyoni kwamba koti ni la mume wangu, nami ndimi mjane. Siku ya pili hasira ikapungua. Usiku wa siku ya tatu nikaona kosa langu. Nalikuwa nimefanya msiba ule kuwa mali yangu. Mimi nalimwosha, nalimlilia pamoja na watu, nalipokea rambirambi siku nyingi, kila siku majirani wakijaa uani. Yeye alikuwa peke yake katika chumba, na simu iliyokatika mkononi. Tena nalikuja nyumbani kwake nimevaa koti la babaye, nikalivaa kila siku mbele ya macho yake, wala sikumwuliza hata mara moja kama angetaka kulishika. Nalidhani yeye hataki kusema habari za baba. Kumbe mimi sikumwachia nafasi ya kusema. Kila nilipoanza, nalianza kwa yale niliyoyaona mimi.

Kesho yake jioni, mtoto alipolala, binti alikuja akaketi karibu na kiunzi. Alikuwa na koti, nalo lilikuwa na mkono mmoja tu. Mkono wa kulia alikuwa ameufumua mwenyewe, kwa uangalifu, kama muuguzi afunguavyo bendeji, akaufua kwa maji ya moto, akaukausha. Akaniwekea magotini. Akasema, "Huu ndio mkono alioshikia msumeno. Huu na uwe njia. Lililobaki litakaa kwangu." Nikamwambia, "Nisamehe, mwanangu. Ilinipasa nikuulize tangu siku ya kwanza." Hakujibu, lakini hakuinuka kwenda kutazama chungu.

Tukakata tepe pamoja. Nikamfundisha kushika kulabu, na vitanzi vyake vya kwanza vikatoka kama vyangu vilivyotoka. Alifanya njia kuanzia chini akipanda. Alipoufikia ua wa nyumba akasimama. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, kaburi liko wapi?"

Ndugu wasomaji, katika mchoro wangu sikulitia kaburi. Nalisema kwamba ni kwa ajili ya mtoto, asione huzuni. Lakini nadhani nalijificha mimi mwenyewe. Nikamweleza: ukitoka mlangoni, upande wa kushoto, hatua kama ishirini, chini ya mti wa mwati, karibu na babu yake. Nikamweleza jinsi udongo ulivyokuwa umelowa kwa mvua ya masika, na jinsi vijana walivyopokezana majembe, na wimbo gani uliimbwa, na nani alilia, na nani alichelewa. Aliuliza, nami nikajibu, mpaka saa nane za usiku. Miaka karibu mitatu alikuwa ameyangoja maneno yale. Kisha akachukua utepe wa koti, akavuta vitanzi kumi na vinane kando ya nyumba. Ni mahali padogo, kama ukucha wa dole gumba. Mtu asiyejua atadhani ni tuta la viazi.

Asubuhi mtoto akaona kwamba mama yake na bibi yake wanacheka jikoni, naye akataka kujua kuna nini katika zulia. Basi mama yake akampakata, akamwambia, "Hapa ndipo alipokaa babu." Mtoto akataka kushika kulabu. Alivuta vitanzi saba katika shamba la mahindi, navyo ni virefu kupita vyote. Mwalimu alipoviona Jumamosi, nalimwomba asiving'oe. Akasema, "Mahindi hurefuka," akaenda zake.

Zulia lilikwisha mwezi wa Mei 2023. Liliwekwa juu ya meza, likafunikwa kwa kitambaa kilicholowa, likapigwa pasi kwa kugandamiza tu, bila kusugua. Kingo zake zilikunjwa zikashonewa utepe wa pamba, na nyuma yake tukashona kipande cha kitani chenye majina yetu matatu na mwaka. Mwalimu alisisitiza sana juu ya majina hayo, nami nalijua sababu yake. Zulia la namna hiyo halikunjwi. Huviringishwa, uso wake ukiwa upande wa nje, ili kitambaa cha chini kisivunjike. Lakini letu hatukuliviringisha. Lilitundikwa katika chumba cha kulia, mahali ambapo mtoto hulitazama anapokula.

Nalirudi Usambara mwezi wa Juni, na kile kipande changu cha kwanza katika mkoba. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule binti yangu alikuja pamoja na mwanawe. Gari lilituacha barabarani, tukapanda njia kwa miguu. Mtoto alitangulia mbio, akisema, "Naijua! Naijua!" Binti alikwenda polepole. Alipofika uani hakuingia nyumbani. Alisimama akitafuta upande wa kushoto, akaona migomba tu. Kisha akageuka, akaona mti wa mwati na makaburi mawili upande wa kulia.

Akasema, "Mama, uliniambia kushoto."

Nikasema, "Ni kushoto, mwanangu, ukitoka mlangoni."

Akatazama mlango, akatazama njia, akafahamu. Mimi nalimwelekeza kama mtu atokaye nyumbani. Yeye alitengeneza zulia kama mtu ajaye kutoka barabarani. Nasi sote wawili hatukuliona kosa hilo, tukiwa tumeinamia vitanzi vyetu. Alicheka, na katika kicheko chake machozi yakamshuka, akaenda akapiga magoti chini ya mwati. Nikamshika mtoto mkono, tukaingia ndani tumwache na babaye.

Jioni nikamwuliza kama akirudi atang'oa vile vitanzi kumi na vinane avihamishe. Alifikiri kidogo. Akasema, "La. Pale ndipo nilipomzika mimi. Viache." Navyo viko pale mpaka leo.

Basi, ndugu zangu, wageni wakiniuliza kwa nini sikutundika mlangoni kwangu lile zulia zuri, nikatundika hili lililopinda, hiyo ndiyo sababu. Lile zuri lina kazi kule liliko. Hili nalo lina kazi hapa; hunikumbusha yule mtoto wa darasa la pili, tena hunionya kwamba aliye mbali huiona nyumba kutoka upande wa pili. Ninyi mlio na watoto walio mbali, na waliokosa mazishi mwaka ule kwa ajili ya ugonjwa, waulizeni kwanza wao waliona nini, kabla hamjawaeleza mliyoyaona ninyi. Na kama mna nguo ya marehemu kabatini, msiikate peke yenu.

Wasalaam.

Mimi, Bibi Mwalimu, Usambara.